Mlango wa Bweni Una Kazi Mbili

Hotuba ya mlezi wa mabweni kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ukumbi wa chuo, Tanga

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Mshauri wa Wanafunzi, walimu, viongozi wa serikali ya wanafunzi, kaka zetu wa ulinzi mliosimama kule nyuma (njooni mkae, viti vipo), na nyinyi wanangu mlioshuka stendi ya Kange juzi na jana na mabegi yenu. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ambao sijawapata kwa salamu hizo, habari za asubuhi.

Kwenye ratiba nimeandikiwa "Usalama na Kanuni za Hosteli", na najua mtu akiona maneno hayo anajua kinachokuja: usipike chumbani, usilete mgeni, mwisho wa kuingia saa nne usiku. Kanuni hizo mmepewa kwenye karatasi, mmeziweka saini, na wengi wenu hamkuzisoma. Sitawasomea. Nataka nizungumzie mlango tu. Mlango wa bweni utakalolala leo.

Mlango wa bweni una kazi mbili, na kazi hizo zinagombana. Ya kwanza ni kumzuia asiyetakiwa asiingie. Ya pili ni kumtoa aliye ndani, upesi, gizani, akiwa na usingizi na moshi kifuani. Ukiufikiria kwa kazi ya kwanza peke yake, utaweka kufuli kubwa, grili madirishani, geti la chuma kwenye ngazi, na mzazi akija atashusha pumzi aseme hapa mwanangu yuko salama. Ukiufikiria kwa kazi ya pili peke yake, utauwekea tofali ubaki wazi usiku kucha, kila mtu apite anavyotaka. Vyuo vingi vinayumba kati ya mambo hayo mawili. Tukiibiwa tunaongeza kufuli. Tukisikia shule fulani imeungua, tunazifungua. Tukiibiwa tena, tunafunga.

Nianze na mlango ulioachwa wazi, na mfano wake unatoka mbali.

Mwaka 1986, Marekani, jimbo la Pennsylvania, katika Chuo Kikuu cha Lehigh, alikuwapo binti wa mwaka wa kwanza anaitwa Jeanne Clery, umri wake miaka 19. Bweni lake lilikuwa na milango inayojifunga yenyewe. Alfajiri ya tarehe 5 Aprili mtu alipita milango mitatu ambayo ilipaswa kuwa imefungwa, na yote mitatu ilikuwa imewekewa maboksi ya piza isijifunge. Wenzake walitaka tu marafiki zao waingie bila kusumbuliwa. Mtu yule akafika chumbani kwa Jeanne, akambaka, akamuua.

Muuaji hakuwa kibaka wa mtaani. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kile kile. Angeulizwa kitambulisho angekitoa. Askari wa getini angemwona akipita angemwitikia salamu. Ukuta wa chuo, uwe mrefu kiasi gani, haumzuii mtu aliyesajiliwa. Kilichokuwa na uwezo wa kumzuia ni mlango ule wa bweni, na wenye bweni walikuwa wameustaafisha.

Wazazi wa Jeanne walipofuatilia walikuta kwamba katika miaka mitatu kabla ya kifo cha mtoto wao chuo kilikuwa na matukio 38 ya uhalifu wa kutumia nguvu, na wao hawakuwahi kuambiwa hata moja. Wakahangaika mpaka sheria ikapitishwa mwaka 1990, na tangu 1998 sheria hiyo inaitwa kwa jina la binti yao. Kila mwaka, ikifika tarehe 1 Oktoba, chuo kinachopokea fedha za serikali kuu ya kule kinatakiwa kiwe kimetoa taarifa ya uhalifu uliotokea kwenye eneo lake. Chuo chenye polisi au walinzi wake kinatakiwa kuwa na daftari la matukio ambalo mtu yeyote anaweza kuomba kulisoma. Na hatari ikiwa bado inaendelea, wanafunzi waonywe mapema, si baada ya mazishi. Hilo la daftari nitalirudia, na Mkuu wa Chuo anisamehe kabisa kabla sijafika.

Sasa mlango uliofungwa. Huu hauko mbali.

Machi 2001, Kyanguli, wilaya ya Machakos, majirani zetu Kenya. Bweni la shule ya sekondari ya wavulana lilichomwa usiku, na waliochoma walikuwa wanafunzi wenzao. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa na kufuli. Madirisha yalikuwa na nondo. Wakafa vijana 67. Waliojenga zile nondo hawakuwa wabaya, walikuwa wanazuia wezi wa magodoro na masanduku. Wezi hawakuingia, kweli.

Na kwetu? Shauritanga, Rombo, mwaka 1994: wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini. Idodi, Iringa, Agosti 2009: wasichana 12, na mshumaa ndio uliotajwa kuwa chanzo. Kyerwa, Kagera, Septemba 2020: watoto 10 wa shule ya msingi. Siwatajii haya kuwatia hofu. Nawatajia kwa sababu kila mara baada ya msiba kama huo watu huuliza moto ulianzaje, mshumaa au umeme au nani kachoma, na ni wachache wanaouliza kwa nini watoto hawakutoka. Moto utaanza tu siku moja mahali fulani, penye watu mia tatu na simu mia tatu zinazochajiwa. Swali langu mimi ni la kutoka.

Hapa Tanga swali hilo lina ugumu wake. Nyinyi mliotoka Dodoma na Singida hamjui chuma cha pwani. Hapa kufuli ya nje ukiinunua leo ikang'aa, upepo wa bahari unaikalia, na baada ya masika moja ufunguo unaingia lakini hauzunguki. Bawaba zinavimba kutu. Komeo linang'ang'ania. Kwa hiyo mlango wa dharura wa Tanga unaweza kuwa na ufunguo sahihi, kwa mtu sahihi, mahali sahihi, na bado usifunguke. Nimewahi kufanya kazi mahali, sipataji, ambapo kufuli ya ngazi ya nyuma ilikatwa kwa msumeno siku ya ukaguzi. Ukaguzi ulikuwa umetangazwa wiki nzima kabla. Moto hautangazi.

Basi mabweni yetu, kwa sasa, yakoje? Mlango mkubwa wa mbele una kitasa ambacho kwa nje kinahitaji ufunguo, kwa ndani unazungusha kwa mkono mtupu. Hiyo ndiyo suluhu ya ule ugomvi wa kazi mbili, na si ya gharama kubwa kama watu wanavyodhani. Mlango wa ngazi ya nyuma una komeo la ndani tu. Haupaswi kuwa na kufuli. Ukiona kufuli pale, hata kama niliyeiweka ni mimi, njoo unigombeze. Kwenye kila korido kuna dirisha moja ambalo grili yake imefungwa kwa bawaba na pini ya ndani. Leo jioni, kabla hujatandika kitanda, kalitafute dirisha la korido yako, chomoa pini, sukuma. Likigoma, usisubiri kikao cha serikali ya wanafunzi, mpigie mlezi wa zamu aje na oili. Mafuta ya kulainisha tunayo dumu zima.

Kwenye mabweni mawili ya zamani bado madirisha ya vyumbani yana nondo zisizofunguka. Nasema hadharani kwa sababu mtaziona wenyewe. Fundi ameshaanza ghorofa ya juu, na mpaka amalize, wanaolala mabweni hayo wana haki ya kuuliza kila Jumatatu amefika wapi.

Tuje kwenye tofali. Najua kwa nini mnaweka tofali. Joto la kaskazi likifika, kati ya Desemba na Machi, korido inakuwa tanuri, mnataka upepo wa bahari upite. Mwenzenu kaenda kununua mihogo na chachandu, kaacha ufunguo kitandani. Mwingine kaenda msikitini swala ya alfajiri, anarudi na kundi. Hakuna hata sababu moja hapo ya ubaya. Walioweka maboksi ya piza kule Lehigh nao hawakuwa na ubaya. Ninachoomba ni hivi: ukikuta tofali mlangoni, ondoa. Usiulize la nani. Na mwenzako akigonga saa tano usiku, amka umfungulie, umtukane ukitaka, lakini mfungulie kwa mkono wako na umwone uso. Usimfungulie aliye nyuma yake kwa aibu tu ya kumuuliza yeye nani. Watoto wa pwani tumelelewa mgeni hafungiwi mlango, na ni malezi mazuri, nayapenda. Ila mgeni wa heshima anakuja mchana, anaandikwa getini, na mwenyeji wake anashuka kumpokea.

Sasa jambo litakalowaudhi. Kubebana.

Nyie mnadhani wazee hatujui neno hilo. Nafasi bwenini ni chache, mwenzako hakupata kitanda, geto la mtaani kule Mabawa au Mikanjuni analipia miezi sita mbele, bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, halijatoka, basi unambeba. Kitanda cha futi mbili na nusu mnalala wawili, mmoja kichwa huku mwingine kule. Mimi kama mzazi naona ni utu. Sina moyo wa kumfukuza mtoto wa mtu usiku, na walezi wenzangu wanajua nimeshagombana na uongozi kwa ajili hiyo.

Lakini sikilizeni hesabu yake. Siku ya moto, mnakusanyika uwanja wa mpira wa wavu. Mlezi wa zamu anashika orodha, anaita majina chumba kwa chumba. Chumba namba kumi na nne: wanne. Wote wapo. Anaendelea na kumi na tano. Yule wa tano, aliyebebwa, hayumo kwenye karatasi. Hakuna atakayeliita jina lake, hakuna zimamoto atakayeambiwa arudi chumba kumi na nne. Mwenzake aliyembeba anatetemeka, anaogopa kusema asifutiwe kitanda, au amezimia kwa moshi hawezi kusema. Ndiyo maana mwaka huu nimeomba, na uongozi umekubali, kuwe na daftari la pili. Anayembeba mwenzake aje kwangu, aandike jina na namba ya chumba. Daftari hilo halitumiki kwa adhabu. Linakaa na orodha ya dharura, basi. Suala la nafasi tutalipigania kwa njia nyingine. Kuna watakaosema nahalalisha kosa. Naona heri nisemwe hivyo.

Moto wenyewe niupitie upesi, kwa sababu Alhamisi watakuja Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kuwafundisha kwa vitendo na wao ndio wenyewe. Hita ya kuchovya ya wati 1,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta ampea kama sita na nusu. Chomeka na pasi ya wati 1,200, ongeza ampea tano. Hapo una karibu ampea 12 zinapita kwenye waya mwembamba wa ekstensheni uliyonunua barabarani Ngamiani kwa bei ya soda chache. Waya unapata moto chini ya godoro ulikoupitisha, polepole, wakati wewe uko darasani. Hiyo ndiyo sababu ya kukatazwa hita, si roho mbaya. Maji ya moto yapo jikoni kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

Moshi ndio unaoua kwanza, kabla ya ndimi za moto. Hewa safi iko chini, tambaa. Mlango wa chumba uguse kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua. Ukiwa wa moto, usifungue, ziba chini kwa shuka au kanga iliyolowa, nenda dirishani upige kelele. Mtungi wa kuzimia moto ule mwekundu: vuta pini, elekeza kwenye shina la moto, bana, pepea kushoto na kulia. Unga wake hauchukui hata nusu dakika kuisha, kwa hiyo ni wa moto mdogo tu. Moto ukikuzidi, toka, funga mlango nyuma yako, piga 114 ya zimamoto. Usirudie laptopu. Najua ina tasnifu. Usirudie.

Na hofu nayo inaua. Aprili 2015, baada ya watu 148, wengi wao wanafunzi, kuuawa na magaidi Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya nzima ililala jicho wazi. Siku kumi baadaye, alfajiri, kwenye kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hitilafu ya umeme ilitoa mlipuko. Wanafunzi wakaamini wamevamiwa. Wakaruka kutoka ghorofani. Alikufa mmoja, wakaumia zaidi ya mia. Hakuna adui aliyekuwepo. Mwishoni mwa mwaka huo huo, Novemba, chuo kingine cha Nairobi, Strathmore, kilifanya zoezi la kujihami kwa milio ya risasi. Wengi hawakujua ni zoezi. Watu wakaruka madirishani, mfanyakazi mmoja akafa kwa majeraha.

Kutokana na hayo mawili nilijifunza kwamba zoezi lazima litangazwe, na tena litangazwe vizuri, na kwamba watu wasiowahi kutembea njia ya kutokea wakiwa watulivu hawataiona wakiwa na kiwewe. Wapo wanaosema zoezi lililotangazwa ni maigizo. Sawa. Tutaigiza mpaka miguu ikariri.

Wizi. Hili mnalijua kuliko mimi. Bumu likiingia, wezi wanajua siku hiyo kabla yenu. Piga *#06# kwenye simu yako, andika namba itakayotokea, ndiyo utambulisho wa simu yenyewe, iweke mahali ambapo si kwenye simu hiyo. Baiskeli, na Tanga ni mji wa baiskeli, ifunge fremu na nguzo, si tairi peke yake, maana asubuhi utaikuta tairi.

Ila mwizi akikamatwa, nisikieni. Usiku mmoja mtasikia "mwizi! mwizi!" na mtatoka na vyuma vya vitanda. Magazeti yataandika "wananchi wenye hasira kali" kama kwamba hasira ndiyo iliyoshika chuma. Wenye hasira kali watakuwa nyinyi, na kuua ni kuua, mahakama haina mlango wa pembeni kwa wanachuo. Isitoshe, usiku watu hawaonekani. Mara ngapi aliyepigwa amekutwa ni mwanafunzi wa chuo jirani aliyepotea njia, au kijana mgonjwa wa akili, au mume wa mpishi? Mkamateni, mketisheni chini, mpigie askari wa zamu, piga 112 ya polisi. Kaka zetu wa ulinzi wamefundishwa kumpokea mtu akiwa hai.

Na nikiwataja hao: msiwaite "wewe mlinzi". Ni watu wazima, wengine wana wajukuu. Wanakesha na tochi na kirungu kwa ujira ambao sisi wote tungeukataa. Ukimwita kaka, baba, au bibie yule wa geti la wasichana, ukampelekea kikombe cha chai, hajakuwa mali yako, lakini atakukumbuka uso, na kwa mlinzi kukumbuka uso ndiyo kazi nzima. Mwanafunzi anayemkoromea askari aliyeomba kitambulisho anamfundisha askari huyo asimwulize mtu tena.

Nimeacha zito nyuma, na hapa nitakaa kidogo.

Nimesema aliyemuua Jeanne alikuwa mwenzao. Mabinti wanaokuja ofisini kwangu wakilia, na safari nyingine vijana wa kiume, ambao hulia baada ya kuhakikisha nimefunga mlango, ni wachache mno wanaosema walivamiwa na mtu wasiyemjua. Ni mpenzi waliyeachana. Ni jamaa wa kikundi cha kujisomea. Ni kaka wa mwaka wa tatu aliyejitolea kukuonyesha mji, akakupeleka Raskazone kuona bahari, na wakati wa kurudi bajaji ikapita kwanza kwake. Kwa watu hao mlango haukuvunjwa. Ulifunguliwa kwa kuaminiana, na ndiyo maana aliyeumia hujilaumu. Jambo moja nataka liwakae: ulimfungulia aingie kunywa chai. Hukumfungulia kingine.

Likitokea, nenda kwa mtu. Kwangu, kwa dawati la jinsia la chuo, kwa Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au moja kwa moja hospitali ya Bombo. Ukiwa na jeraha, hospitali kwanza, fomu ya polisi namba tatu, ile PF3, itafuata. Usioge, ingawa utatamani kuoga kuliko kitu chochote. Nguo ulizovaa zikunje kwenye karatasi au kanga, si mfuko wa plastiki, unyevu unaharibu ushahidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa ikipita nguvu inapungua. Ya kuzuia mimba ina nafasi hadi saa 120, lakini nayo mapema ni bora. Hayo yote unaweza kuyafanya hata kama bado hujaamua kushtaki. Kushtaki utaamua kesho, ukiwa umelala. Na nikikusindikiza, sitakuuliza ulivaa nini. Mlezi atakayekuuliza, nitajie.

Walimu wapo hapa, na nawaheshimu, kwa hiyo nitasema wakiwa wanasikia. Anayetaka mwili wa mwanafunzi ili atoe alama, au kitanda cha hosteli, au saini ya ripoti ya mafunzo kwa vitendo, anatenda rushwa ya ngono. Ipo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. TAKUKURU namba yao ni 113 na haikati salio. Walezi wa mabweni tumo ndani ya sheria hiyo pia. Mtu wangu yeyote akikuambia kitanda kinapatikana "kwa mazungumzo", njoo.

Mkuu wa Chuo, sasa lile daftari.

Chuo chetu kina kitabu cha matukio getini. Kila zamu inaandika. Kikijaa kinawekwa stoo, kinafunguliwa kipya. Wanafunzi hawakioni, na habari zinazowafikia ni zile za kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako laptopu moja iliyoibiwa inakuwa kumi kabla ya adhuhuri, na jambo la kweli lililompata binti linakuwa fununu ya kumchafua. Naelewa hofu iliyopo. Tukibandika matukio yetu ukutani, mzazi atasoma, atasema chuo hiki kina wezi, mtoto nampeleka kwingine. Lakini sheria ile ya Marekani ililetwa na wazazi ambao hawakuambiwa kitu, na chuo chao kilikuwa na sifa nzuri tu.

Ombi langu ni dogo. Ubao mmoja, kwenye ukuta wa bwalo, unaobadilishwa kila mwisho wa mwezi. Bila majina ya watu. Simu ngapi zimeibiwa na bweni gani, taa gani ya njia imekufa na lini imeripotiwa, milango mingapi imekutwa na tofali. Matukio ya ukatili, idadi tu, bila chumba wala siku, yule mtu asitambulike. Najua kuna suala la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mwanasheria wetu ameshaniambia, na idadi tupu haimtaji mtu. Tukianza mwezi huu, mwaka wa kwanza hawa watahitimu wakiwa wanajua taa zipi zilizokufa zilihusiana na wizi upi. Nimeliandika pia, barua iko mezani kwako tangu Ijumaa, na nimeona umecheka, kwa hiyo nadhani umeisoma.

Namalizia na ratiba, msitawanyike. Zimamoto Alhamisi saa tisa alasiri, uwanja wa mpira wa wavu, mavazi ya kawaida, viatu vya kufunga. Zoezi la kutoka usiku ni Alhamisi hiyo hiyo, baada ya Isha, kati ya saa mbili na saa tatu. Ni zoezi, limetangazwa, hakuna risasi wala mlipuko, ni kengele ya shule na filimbi za walinzi. Wenye pumu, wajawazito, na yule kijana wetu wa magongo wa bweni la B, njooni mnione leo tupange nani atashuka na nani. Viongozi wa korido mtabeba orodha zenu, na lile daftari la pili nitalibeba mwenyewe.

Funguo zinagawiwa sasa hivi, meza ya kushoto wasichana, ya kulia wavulana. Ufunguo mmoja mtu mmoja, anayepoteza analipia kitasa kizima kwa sababu tunabadilisha kitasa, hatuchongi ufunguo. Waliobeba na waliobebwa, meza yangu ni ile ya katikati, na kalamu ipo.